TUSIFUNGE MATATIZO YOTE MZIGO MMOJA

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali huko Nalasi, Wilaya ya Tunduru, Mkoa wa Ruvuma.)

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo halimo katika mihtasari ya masomo wala katika kanuni za utumishi, lakini humpata kila mmoja wetu. Nalo ni fadhaa inayotuingia pale matatizo yasiyotazamiwa yanapotufikia kwa pamoja. Tatizo moja, hata likiwa kubwa, mtu mzima hulikabili. Lakini yakija matatu au manne katika mwezi mmoja, na hakuna hata moja lililopiga hodi, moyo huanza kulegea. Aliyekuwa mpole huwa mkali. Aliyekuwa mwepesi wa kazi huwa mzito. Mwishowe husikika akisema maneno tunayoyajua sote: "Basi, liwalo na liwe."

Napenda kuwaonyesha kwamba maneno hayo huweza kuleta hasara kubwa kuliko matatizo yenyewe. Sikuja na nadharia kutoka mbali. Nimechagua kisa ambacho wazee wa wilaya hii wanakijua kwa mikono yao, yaani kisa cha mikorosho ya kusini.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Tulikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani, pamoja na jirani zetu wa Msumbiji walio ng'ambo ya Mto Ruvuma. Sehemu kubwa ya korosho hizo ilitoka Mtwara, Lindi na huku kwetu Tunduru. Korosho ndizo zilizonunua baiskeli na mabati, ndizo zilizolipia harusi na jando, ndizo zilizomvisha mtoto sare ya shule. Lakini miaka 13 baadaye, katika msimu wa 1986/87, mavuno ya nchi nzima hayakufika hata tani 20,000. Kwa kila magunia saba yaliyokuwa yakivunwa, lilibaki gunia moja tu.

Ndugu zangu, ni nini kilichotokea? Yalitokea mambo mengi, moja juu ya jingine, na mengi kati ya hayo hakuna mkulima aliyeyatazamia.

Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuhamia vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Shabaha ilikuwa watu wapate shule, zahanati na maji kwa urahisi. Lakini mkorosho hauhami. Wakulima wengi walijikuta wanaishi mbali na mashamba yao. Magugu yakaota chini ya miti, na moto wa kiangazi ukapita humo bila wa kuuzuia.

Wakati huo huo nchi ilipatwa na ukame wa miaka ya 1973 na 1974, na mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda ghafla duniani kote. Fedha za kigeni ambazo zingenunua mashine na madawa zilibidi zinunue nafaka. Wananchi wakahimizwa kulima chakula katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na mikono iliyokuwa ikipalilia mikorosho ikahitajika kwenye mahindi na mihogo.

Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na mkulima akabaki kuiuzia mamlaka ya zao. Sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkononi ikazidi kuwa ndogo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na nchi ikaingia vitani. Vita ilipokwisha mwaka 1979, bei ya petroli ilikuwa inapanda kwa mara ya pili. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wananchi walikubali. Lakini miezi 18 ilikwisha na maduka yalikuwa bado matupu. Sabuni, chumvi, nguo, hata jembe la mkono, vilipatikana kwa foleni au kwa magendo.

Kana kwamba hayo hayatoshi, nchi ilikuwa imekopa fedha ili kujenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Kimoja kilijengwa hapa hapa Tunduru. Viwanda hivyo vilipokuwa vinakamilika, korosho za kuviendesha hazikuwapo tena. Vingine vilisimama, na deni likabaki.

Sasa naomba mjiweke katika nafasi ya mkulima wa Nalasi mwaka 1980. Shamba liko mbali. Bei ni ndogo. Ushirika aliouzoea haupo. Dukani hakuna sabuni. Kijana wake pengine ametoka Uganda vitani, pengine hakurudi. Na sasa anakwenda kutazama mikorosho yake wakati wa kutoa maua, anakuta maua yamekuwa meusi, yamekauka na kupukutika kabla ya kuweka korosho hata moja. Je, atasema nini? Atasema, "Hata miti nayo imechoka." Atarudi nyumbani.

Hapo ndipo lilipo fundisho ninalotaka tulichukue leo. Maua yale hayakukauka kwa sababu ya bei, wala kwa sababu ya vita, wala kwa sababu ya kijiji. Mikorosho ilikuwa inaugua. Ugonjwa wenyewe tunauita ubwiriunga, na ulitambuliwa rasmi nchini mwaka 1979. Ni ukungu mdogo sana unaopeperushwa na upepo. Hupenda usiku wa baridi na umande, hushambulia majani machanga na maua, na huyafunika kama mtu aliyeyanyunyizia unga. Bei ingepanda mara tatu, ua lenye ubwiriunga lisingezaa. Mkulima angehamia chini ya mkorosho wake, ua lenye ubwiriunga lisingezaa.

Ugonjwa huo ulijificha wapi miaka yote hiyo? Ulijificha nyuma ya matatizo mengine. Matatizo yalikuwa mengi mno, na kila mtu alikwisha kuwa na maelezo yake. Mkulima alisema, "Ni bei." Mwingine alisema, "Ni vijiji." Wapo watendaji waliosema, "Wakulima wamekuwa wavivu, hawapalilii." Katika kila jibu palikuwa na ukweli kiasi fulani, na ndiyo sababu halikumsukuma msemaji kwenda kulitazama ua. Mtu akiisha kupata wa kumlaumu, huona kazi ya kutafuta imekwisha.

Ndugu Mwenyekiti, hiyo ndiyo tabia ya fadhaa. Huyakusanya matatizo yote, ikayafunga kwa kamba moja, ikayafanya mzigo mmoja ambao hakuna bega linaloweza kuuinua. Kisha hutafuta mtu wa karibu wa kulaumiwa. Na wakati tunamlaumu mtu huyo, tatizo lenye dawa huendelea kula maua.

Tuangalie basi jinsi mzigo huo ulivyokuja kufunguliwa. Haukufunguliwa kwa pigo moja. Watafiti wa kilimo, hasa wale wa Kituo cha Naliendele karibu na Mtwara, waliushika ugonjwa peke yake. Ikaonekana kwamba unga wa salfa ukipulizwa juu ya miti kuanzia maua yanapochomoza, ukarudiwa kila baada ya majuma machache, alfajiri kabla upepo haujaanza kuvuma, ubwiriunga hushindwa. Hiyo ilikuwa dawa ya ugonjwa, wala haikutibu bei. Bei ilihitaji mabadiliko ya biashara, na hayo yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tatizo la umbali lilipungua kadiri wakulima walivyorudi mashambani kusafisha, kupogolea na kupunguza miti iliyosongamana. Kila tatizo lilidai dawa yake, kwa wakati wake, na kwa mkono wake. Ilipofika mwaka 2000 mavuno ya nchi yalikuwa yamevuka tena tani 100,000, na msimu wa 2017/18 yalizidi tani 300,000, zaidi ya mara mbili ya kilele cha mwaka 1974.

Na mikorosho mingi iliyotoa mavuno ya miaka ile ya kwanza ilikuwa ni ile ile ya zamani. Ilikuwa haijafa, ilikuwa inaugua na kusongwa na magugu. Mkulima aliyeikata akachoma mkaa kwa hasira mwaka 1982 hakuwa na kitu cha kupulizia salfa miaka kumi baadaye.

Sasa nitoke shambani niingie darasani na ofisini.

Tumchukue mwalimu yeyote aliyepangiwa kazi katika kata iliyo mbali na makao makuu ya wilaya. Mkewe yuko mkoa mwingine, na ombi lake la uhamisho halijajibiwa. Mvua kubwa imeezua bati za nyumba anayokaa. Madai yake ya fedha za likizo yamerudishwa kwa kukosa karatasi moja. Mwalimu mwenzake ameugua, kwa hiyo anafundisha vipindi vya watu wawili. Mtoto wake ana homa. Na Jumatatu asubuhi, mwanafunzi mmoja anaingia darasani amechelewa.

Ndugu Walimu, sote tunajua ni nani atakayelipia matatizo hayo yote matano. Mwanafunzi huyo hakuezua bati wala hakurudisha karatasi. Pengine amechelewa kwa sababu tembo waliingia shambani usiku, naye alikesha na wazazi wake akipiga madebe. Lakini yuko karibu, ni mdogo, na hawezi kujibu. Ndivyo ilivyo hata ofisini. Karani aliyekosana na mkuu wake asubuhi humfokea mzee aliyekuja kuuliza cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Mzee hurudi kijijini na maneno kwamba Serikali haina adabu. Kwa hiyo fadhaa ya mtumishi haiishii kwake. Humwagika juu ya wananchi, na wananchi ndio tuliowekwa kuwatumikia.

Tufanye nini basi? Naomba nitoe mashauri manne, nayo yote yametoka katika kisa cha mikorosho.

La kwanza, tuufungue mzigo. Mtu anaposema "mambo yangu yote yameharibika," na achukue karatasi aandike ni mambo yapi. Aandike kila moja katika mstari wake, kisha mbele yake aandike lilianza lini, chanzo chake ni nini, na nani mwenye uwezo wa kuliondoa. Mwalimu wetu akifanya hivyo ataona kwamba bati ni kazi ya misumari na nguvu za majirani wawili. Karatasi iliyokosekana ni safari moja ya Tunduru mjini. Homa ya mtoto ni ya zahanati, tena leo hii, si kesho. Uhamisho unahitaji barua na subira. Vipindi vya mwenzake vinahitaji kikao cha walimu. Matatizo hayajapungua hata moja, lakini sasa yana majina, na kitu chenye jina huweza kushikwa.

La pili, tuwe na hadhari na jibu la kwanza linalotujia tukiwa tumeghadhibika. Mara nyingi jibu hilo ni jina la mtu. Tunaposema, "ni mwalimu mkuu," "ni afisa elimu," "ni wazazi wa huku," tujiulize kama tumekwenda kulitazama ua. Wanafunzi wakifeli hesabu mwaka mzima, inawezekana ni wavivu. Inawezekana pia kwamba nusu yao hawaoni ubao vizuri, au hawajui kusoma swali lenyewe lililoandikwa. Wazee wetu walisema hasira ni hasara. Nami naona hasara kubwa kupita zote ni kwamba hasira hutuzuia kutafuta sababu ya kweli.

Kwa sababu hiyo hiyo, uamuzi usioweza kurudishwa tusiufanye siku ya fadhaa. Barua ya kuacha kazi, talaka, fimbo juu ya mwili wa mtoto, ng'ombe wa pekee kuuzwa kwa bei ya kutupa, yote hayo yangoje angalau usiku mmoja upite. Mkorosho uliokatwa haubandikiki.

La tatu, tuanze na lile linalofikiwa na mkono wetu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mkulima hakuweza kuishusha bei ya petroli duniani wala kumaliza vita, lakini aliweza kufyeka njia ya moto kuzunguka miti yake. Aliyeendelea kufanya hivyo aliikuta miti yake hai siku salfa ilipofika. Bandu bandu huisha gogo. Kazi ndogo iliyokamilishwa leo huurudishia moyo imani kwamba mikono bado inafanya kazi, na imani hiyo ndiyo inayotuwezesha kulikabili tatizo la pili.

La nne, tusibebe peke yetu, wala tusinyamaze. Ubwiriunga hauheshimu mpaka wa shamba. Mtu akipulizia miti yake na jirani asipulizie, upepo utaurudisha. Hata fadhaa iko hivyo. Mwalimu mmoja aliyevunjika moyo huwavunja moyo walimu wote wa shule. Kwa hiyo tuulizane hali kwa dhati, na anayeulizwa aseme kweli. Tuna utamaduni mzuri wa kumsaidia mwenzetu akifiwa au akioa. Tuuendeleze hadi kwa mwenzetu anayelemewa na mambo madogo madogo mengi, ambaye hana msiba unaotangazwa.

Hapa napenda nisieleweke vibaya. Ninaposema subira, sisemi ukimya. Baadhi ya matatizo yaliyompata mkulima wa korosho yalitokana na maamuzi ya wakubwa, nayo yalipaswa kusemwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipohojiwa mwaka 1984, alisema kwamba kama angeanza upya, asingezivunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Hakusema kila kitu kilikuwa kosa, wala hakusema hakuna kilichokosewa. Aliyatenga mambo mawili, akayataja kwa majina yao. Wakati huo ushirika ulikuwa umekwisha anza kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Hivyo ndivyo malalamiko yenye manufaa yanavyokuwa. Mtumishi anayeandika, "Bati za nyumba ya mwalimu zimeezuliwa na mvua, zinahitajika bati kadhaa na misumari kadhaa," anampa mkubwa wake kazi ya kufanya. Anayeandika, "Tumechoka kuonewa," huenda akawa na haki, lakini hampi mtu yeyote pa kuanzia.

Nanyi mlio wakuu wa shule na wa idara, mnapopokea barua kama ile ya kwanza, ijibuni. Hata jibu la "bado" ni jibu. Kungoja bila kujua unangoja nini huchosha kupita kazi yoyote ya jembe.

Ndugu zangu, Nalasi iko mbali na mambo mengi, na ninyi mnajua hivyo kuliko mimi. Kutoka Songea mpaka Tunduru peke yake ni zaidi ya kilomita 250, na safari ya kuja huku bado inaendelea. Kilicho cha kwaida mjini huku huweza kuwa taabu, na taabu moja hupenda kuita nyingine. Sitawaahidi kwamba yatapungua. Hakuna aliyewaahidi wakulima mwaka 1973, na waliopewa ahadi ya miezi 18 waliona yaliyofuata.

Lakini mikorosho ya wilaya hii bado imesimama pande zote mbili za barabara, na mingine imekwisha kuwa babu wa mingine. Imesimama kwa sababu wapo watu ambao, katika miaka ya giza kabisa, hawakusema liwalo na liwe. Walikwenda kutazama, mti kwa mti, wakatenganisha kinachougua na kilichokufa. Watoto mnaowafundisha ni wajukuu wa watu hao. Nawaomba tufanye hivyo hivyo kwa matatizo yetu, na tufanye hivyo kabla mwanafunzi wa Jumatatu hajaingia mlangoni.